Je, Kidato cha Nne Tuache Mpira?

Bwana Mhariri,

Nakuomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nipate kusema machache juu ya jambo linalozungumzwa sana siku hizi, bwenini, bwaloni na hata njiani tunapokwenda kuteka maji. Jambo lenyewe ni ile amri ya kwamba tangu muhula wa pili ulipofunguliwa mwezi wa Julai, sisi wa Kidato cha Nne tusionekane tena uwanjani, bali tukae na vitabu vyetu mpaka mtihani wa taifa uishe mwezi wa Novemba. Walimu wetu waliitoa amri hii kwa nia njema, nao wazazi waliohudhuria mkutano waliipigia makofi. Siandiki kwa ukaidi. Naandika kwa kuwa naona amri imejengwa juu ya wazo moja ambalo si kweli, yaani kwamba mpira ni adui wa kitabu, na kwamba kila saa anayoitumia kijana uwanjani ameiiba mezani.

Nataka kulijibu wazo hilo kwa kueleza kazi ya mtu mmoja ambaye kwa miaka kumi na saba, yaani muda sawa na umri wangu wote, alilipwa mshahara ili azuie magoli. Nimemchagua beki, wala si mfungaji, kwa makusudi. Mimi mwenyewe ni beki wa kati wa timu ya shule, au tuseme nilikuwa hivyo mpaka Julai, na nimeona jinsi mambo yalivyo. Mfungaji akifunga hubebwa juu mabegani mpaka bwaloni, na mpishi humwongezea maharage. Tangu nilipofika hapa Kidato cha Kwanza sijapata kuona beki akibebwa, isipokuwa amevunjika.

Mtu ninayemtaja ni Vincent Kompany. Wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza wanamjua kama kocha tu, maana alipoacha kucheza mwaka 2020 wao walikuwa bado madarasa ya chini ya shule ya msingi. Lakini kabla ya hapo alikuwa mlinzi wa kati na nahodha wa Manchester City ya Uingereza na wa timu ya taifa ya Ubelgiji.

Yafaa kwanza tujue alikotoka. Alizaliwa Uccle, katika jiji la Brussels, tarehe 10 Aprili 1986. Mama yake alikuwa Mbelgiji. Baba yake, Mzee Pierre Kompany, alizaliwa mwaka 1947 huko Bukavu, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Kivu, ambako Kiswahili husemwa sokoni kama kwetu. Mzee huyo alifika Ubelgiji mwaka 1975 akiwa mkimbizi. Aliendesha teksi huku akisomea uhandisi. Mwaka 2018 wananchi wa Ganshoren, mojawapo ya wilaya za Brussels, walimfanya kuwa meya wao, naye akawa mtu mweusi wa kwanza kushika cheo hicho katika nchi yote ya Ubelgiji. Nimeyataja haya kwa sababu wenzangu hupenda kusema kwamba wachezaji wa Ulaya huzaliwa na kila kitu. Baba wa huyu alikuwa na usukani mkono mmoja na daftari mkono wa pili, na sidhani kwamba mtoto hakuliona jambo hilo.

Kompany aliingia katika timu ya watoto ya Anderlecht akiwa na umri wa miaka sita. Mwaka 2003, akiwa na miaka kumi na saba, aliitwa timu ya wakubwa. Mwezi wa Februari 2004, bado ana miaka kumi na saba, aliichezea Ubelgiji dhidi ya Ufaransa. Walifungwa 2-0, lakini ndivyo beki anavyoanza kujifunza. Mwaka huohuo wa 2004 alipata Kiatu cha Dhahabu, tuzo ambayo Wabelgiji humpa mchezaji bora wa ligi yao, na aghalabu huwaendea washambuliaji na viungo.

Hapa nawasikia rafiki zangu wa bweni wakipiga meza. “Umeona! Kwa umri wetu mwenzetu alikuwa keshaanza kazi. Sisi twangoja nini?” Nami nawaomba wangoje kidogo, maana hadithi haijafika katikati.

Mwaka 2006 Kompany alinunuliwa na Hamburg ya Ujerumani kwa fedha nyingi. Msimu haujafika mbali, akaumia kano ya kisigino, ile kano nene iliyo nyuma ya mguu, ambayo mtu hawezi kukimbia wala kuruka bila hiyo. Karibu msimu wote uliobaki ukapita yeye akiwa mtazamaji. Kijana wa miaka ishirini, katika nchi ngeni, amenunuliwa ghali, naye hachezi. Nawauliza wale wanaotaka kuacha shule leo: siku hiyo ikifika, utakuwa na nini kingine kichwani?

Swali hili si la mchezo kwetu. Mwenzetu mmoja, ambaye sitamtaja jina, aliondoka tulipokuwa Kidato cha Tatu akaenda kufanyiwa majaribio na timu moja mjini. Alikuwa winga hodari kuliko wote niliopata kuwakaba, na nilimkaba kila Jumanne kwa miaka miwili, kwa hiyo najua nisemalo. Aliichezea timu ile mechi nne. Mechi ya tano goti likageuka. Timu ikamlipia kwenda hospitali mara ya kwanza, mara ya pili ikamwambia asubiri, na mara ya tatu simu haikupokelewa. Sasa yuko kwao, anaendesha bodaboda ya mjomba wake, na goti likipoa jioni hupanda ngazi kwa shida. Simlaumu hata kidogo. Alikuwa na ndugu wadogo wanne na nyumba yao ina mdomo mwingi. Namtaja kwa sababu goti lake na kisigino cha Kompany ni jambo moja. Tofauti ni kile kilichofuata.

Kompany alipona. Mwezi wa Agosti 2008 akahamia Manchester City, siku chache tu kabla timu hiyo haijanunuliwa na matajiri wa Abu Dhabi. Hakufika kama nyota. Mwanzoni walimweka katikati ya uwanja, mbele ya mabeki. Baadaye ndipo aliporudishwa nyuma, mahali pake pa kweli. Mwaka 2011 timu ikatwaa Kombe la FA, nalo lilikuwa kombe lao kubwa la kwanza baada ya miaka thelathini na mitano. Msimu uliofuata akafanywa nahodha.

Sasa niseme kidogo kazi ya beki wa kati ni nini, maana hata baadhi ya walimu wetu hufikiri ni kupiga mpira mbele kwa nguvu. Hiyo ni kazi ya punda. Beki wa kati ndiye anayeuona uwanja wote mbele yake, kwa hiyo ndiye anayesema. Humwambia beki wa kulia asogee ndani, humwambia kiungo kwamba kuna mtu mgongoni pake, huamua mstari wa mabeki wanne upande au ushuke, na wanne hao wasipopanda kwa pamoja mshambuliaji hatakuwa ameotea, atakuwa peke yake na kipa. Kila sekunde chache hugeuza shingo kutazama nyuma. Anapaswa kujua mpira utakwenda wapi kabla aliye nao hajajua. Beki anayelazimika kuteleza chini ili kuokoa aghalabu alikosea hatua tano nyuma. Watu humshangilia kwa kuokoa, lakini kocha aliye makini humwuliza alikuwa wapi kabla ya hapo. Mwalimu wetu wa hesabu aliniambia siku moja kwamba jibu la swali huharibika katika mstari wa pili, wala si katika mstari wa mwisho. Nikamjibu, “Shikamoo Mwalimu, na kwetu ni hivyo hivyo.” Akacheka.

Kompany alikuwa na faida nyingine ambayo nimeipenda sana. Katika timu ya Ubelgiji wengine husema Kifaransa na wengine Kiholanzi. Yeye alizijua lugha hizo zote mbili, na Kiingereza, na Kijerumani kadhalika. Nahodha ambaye beki wa kushoto hamfahamu asemalo ni sawa na kengele isiyo na ulimi. Basi wale wanaosema kwamba vipindi vya lugha havina maana kwa mchezaji wafikirie jambo hilo.

Msimu wa 2011/12 ndio unaotajwa mno. Tarehe 30 Aprili 2012 City walicheza na Manchester United, jirani na mahasimu wao, waliokuwa mbele kwa pointi tatu. Dakika ya mwisho ya kipindi cha kwanza David Silva alipiga kona, Kompany akaruka, akafunga kwa kichwa. Mchezo ukaisha 1-0. Siku ya mwisho ya ligi, tarehe 13 Mei, City wakawafunga Queens Park Rangers 3-2 kwa goli la Sergio Agüero katika dakika za nyongeza, wakatwaa ubingwa ambao hawakuwa wameupata tangu mwaka 1968. Kila mtu analikumbuka goli la Agüero. Lakini tafadhali, msomaji, chukua kalamu uhesabu pamoja nami. City na United walimaliza wakiwa na pointi 89 kila mmoja. City walifunga magoli 93 na kufungwa 29, tofauti 64. United walifunga 89 na kufungwa 33, tofauti 56. Ubingwa uliamuliwa kwa magoli manane. Ukiyagawa utaona kwamba manne ni yale City waliyofunga zaidi ya wenzao, na manne ni yale waliyofungwa pungufu. Yaani nusu ya kombe lile ilitoka kwa washambuliaji, na nusu, sawasawa kabisa, ilitoka nyuma. Sijapata kusikia mtangazaji akiisema nusu hii ya pili, ndiyo maana naiandika hapa.

Beki ana msiba wake mwingine. Mshambuliaji akikosa mara tisa na kufunga mara ya kumi, ni shujaa. Beki akifanya vyema mara tisini na tisa na kukosea mara moja, husemwa mwaka mzima. Tarehe 13 Aprili 2014, huko Liverpool, Kompany alitaka kuuondoa mpira, mguu haukuugusa vizuri, ukamwangukia Philippe Coutinho, naye akafunga. City wakapoteza 3-2, na watu wakasema ubingwa umekwenda. Haukwenda. Siku ya mwisho, tarehe 11 Mei, City waliwashinda West Ham 2-0, na goli la pili alilifunga Kompany mwenyewe. Mimi nikikosea huwa natamani ardhi inimeze. Nimejifunza kwake kwamba kazi ya beki aliyekosea ni kuwapo mahali pake dakika inayofuata.

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Baada ya hapo mwili wake ulianza kumkataa. Vigimbi vya miguu vilikuwa vikikatika mara kwa mara. Katika misimu minne ya mwisho aliyokuwa City, yaani kuanzia 2015 mpaka 2019, alicheza mechi za ligi 14, kisha 11, kisha 17, kisha 17. Jumla ni 59, na mechi zilizokuwapo ni 152. Alikosa mashindano ya Ulaya ya mwaka 2016 pamoja na timu yake ya taifa. Fikiri maana yake. Nahodha wa timu kubwa, kwa kila mechi tano alikosa tatu. Wengine katika hali hiyo huharibika. Hukaa wakingoja daktari, hukasirika, huanza anasa, na pesa huisha kabla ya mguu kupona.

Yeye alisoma. Mwaka 2012, ule ule aliopata ubingwa wa kwanza, alijiandikisha katika chuo cha biashara cha Chuo Kikuu cha Manchester kusomea shahada ya uzamili ya uongozi wa biashara. Alisoma kidogo kidogo, baina ya mechi na mazoezi na vitanda vya matibabu, akaimaliza mwaka 2017. Tasnifu yake ilihusu faida ambayo timu za Ligi Kuu huweza kuipata kwa kucheza katika uwanja wa nyumbani. Kwa hakika jambo hili lanifurahisha kuliko kombe lo lote alilolishika. Hakuacha mpira ili asome, wala hakuacha kusoma ili acheze. Alichukua swali kutoka uwanjani akalipeleka mezani.

Najua nitakavyojibiwa. Mzazi mmoja ataniambia, “Mwanangu, huyo alikuwa mtu mzima mwenye mshahara, nyumba yake, gari lake na chakula kizuri. Wewe unasomeshwa kwa mahindi ya shambani.” Ni kweli, mzee wangu, wala sibishi. Lakini angalia: mtu mwenye fedha zote zile, asiyehitaji cheti ili ale, aliona bado anakihitaji kitabu. Je, mimi nisiye na kitu nitakidharau? Ndiyo maana kwa wenzangu wanaotaka kutoroka kwenda majaribio nasema wazi kwamba simo. Na kwa walimu wangu nasema, kwa heshima zote, kwamba mtu yule alisoma akiwa bado anacheza. Hakuna aliyemwambia achague moja.

Mwingine atasema mifano ya watu wakubwa haihusu shule yetu, tazameni hali ya hapa. Haya, tuitazame. Zamani ratiba ilitupa michezo kuanzia saa kumi alasiri mpaka saa kumi na moja na nusu, kisha kuoga, kula, na prepo ya usiku. Tangu Julai, saa hizo kumi tunakuwa darasani. Je, tunasoma? Mwalimu wa zamu akipita dirishani atakuta vitabu vimefunguliwa, hilo ni kweli. Lakini mimi niko ndani, nami nasema kwamba nusu ya darasa vichwa viko juu ya madawati, na robo wanasimuliana mambo ya likizo. Jua la saa hiyo linapiga upande wa madirisha yetu na akili imekwisha choka tangu asubuhi. Kisha ikifika prepo, ambayo ndiyo saa nzuri ya kusoma kwa kuwa kuna baridi na kimya, mwili haujatulia, mtu anajinyoosha tu kama paka. Walakini wadogo zetu wa Kidato cha Tatu, waliotoka kukimbia, wanaoga, wanakaa, wanasoma. Nimewatazama majuma kadha wa kadha.

Hoja nzito zaidi ni ile ya kuumia. Makamu wa Mwalimu Mkuu aliisema vizuri mbele ya paredi, kwamba mtahiniwa akivunjika mkono mwezi wa Oktoba hakuna atakayemshikia kalamu. Hii ni haki, na baada ya kueleza vigimbi vya Kompany ningekuwa mwongo nikisema mpira hauumizi. Lakini amri haijauondoa mpira, imeuhamisha tu. Kila jioni baada ya chakula wapo wanaocheza nyuma ya jiko kwa mpira wa makaratasi na kamba, pekupeku, juu ya mawe na visiki, gizani, bila mwamuzi wala mwalimu. Juma lililopita mmoja alitoka kucha ya kidole gumba akamwambia matroni kwamba ameangukiwa na ndoo. Kama kuumia ndiko tunakokuogopa, uwanja wenye nyasi na mwalimu mwenye filimbi ni salama kuliko nyuma ya jiko.

Tena kuna jambo la wale wanaoumia kweli. Katika shule yetu mchezaji akiumia huambiwa apumzike, basi, na hapo husahauliwa. Yangefaa mambo mengine. Aliyeumia aweza kuandika hesabu za mechi, nani alipoteza mpira na wapi. Aweza kuwafundisha Kidato cha Kwanza kusimama vizuri. Aweza kushika filimbi. Kompany aliyaona mengi akiwa amekaa, nami nafikiri ukocha wake ulianzia pale. Mwaka 2019, baada ya kufunga dhidi ya Leicester tarehe 6 Mei goli moja kwa shuti la mbali sana, goli lililowaweka City mbele ya Liverpool kwa pointi moja mpaka mwisho, alirudi Anderlecht akiwa mchezaji na kocha kwa pamoja. (Goli lile nililiona mwenyewe. Nilikuwa darasa la tano, kaka yangu alinipeleka katika kibanda umiza, na watu waliokuwa mbele yetu walipiga kelele “Usipige!” kabla hajapiga. Nyavu zilipotikisika wakageuka kusema walijua tangu mwanzo.) Mwezi wa Septemba mwaka huohuo ilichezwa mechi ya kumuaga huko Manchester, fedha zake zikatolewa kwa watu wasio na makazi wa mji ule, na yeye mwenyewe hakuweza kuicheza kwa kuwa ameumia msuli wa paja. Alisimama pembeni akitazama wenzake. Katika kazi ya beki hata sherehe yako waweza kuikosa.

Ukocha nao haukumwendea kama wimbo. Mwanzo wa Anderlecht ulikuwa mbaya, ushindi haukuonekana. Mwaka 2022 akaenda Burnley, akawapandisha Ligi Kuu mwaka 2023 kwa pointi 101. Mwaka uliofuata wakashuka tena. Watu wakamcheka, kisha Bayern wakamwita mwaka huohuo wa 2024, na mwaka 2025 wakatwaa ubingwa wa Ujerumani. Mwenye kutaka kucheka na acheke mapema.

Basi maombi yangu ni haya, nami nayaweka mbele ya Mwalimu Mkuu, walimu wote na wazazi wetu. Kidato cha Nne turudishiwe siku mbili tu kwa juma, Jumanne na Alhamisi, kwa saa ile ile ya zamani. Tusicheze mechi na shule nyingine, wala kusafiri. Tucheze wenyewe kwa wenyewe, mwalimu akiwapo. Ye yote atakayeshuka alama zake katika jaribio la mwezi aondolewe uwanjani mpaka apande, na jina lake libandikwe ubaoni ili asiseme hakuambiwa. Atakayekutwa nyuma ya jiko aadhibiwe mara mbili, maana hatakuwa na udhuru tena. Mwezi wa Oktoba ukianza, tuache kabisa, kwa ajili ya ile hoja ya mkono na kalamu, ambayo nimekwisha kiri kwamba ni ya haki.

Nimepita bweni kwa bweni kuuliza nani atakubali kutiwa sahihi chini ya sharti la alama. Wengine walisema sharti ni kali, wakarudi vitandani. Mpaka naandika haya majina yamefika ishirini na matatu, na orodha ninayo dawatini kwa Mwalimu atakayependa kuiona. Kati yao washambuliaji ni watatu. Mabeki ni kumi na mmoja.

Mimi wako mtiifu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Jezi Nambari 5